Makongamano makubwa ya mashabiki: miji inavyoyapokea, na Mombasa tukitaka la kwetu (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Kila tunapokutana sisi mashabiki wa katuni, anime (filamu za katuni za Kijapani), gemu na hadithi za sayansi hapa Mombasa, tunaulizwa mambo yale yale na wazazi, wenye hoteli, wazee wa mitaa, akina mama wanaouza viazi karai, na vijana wanaotaka kujua lini mji wetu utakuwa na kongamano lake. Tumeyaweka maswali hayo pamoja. Tunaloamini tunalisema mapema: mji haupokei kongamano kwa ukubwa wa ukumbi wake, unalipokea pale wenyeji wa kawaida wanapolijua, wanapolikubali na wanapopata riziki ndani yake.

Kongamano la mashabiki ni kitu gani hasa?

Ni mkusanyiko wa siku kadhaa wa watu wanaopenda hadithi za aina moja: vitabu vya katuni, filamu, anime za Kijapani, gemu za kompyuta au za mezani. Wachoraji huuza kazi zao, waandishi hukaa na wasomaji wakazungumza, wachezaji hushindana, na wengine hufanya kosplei, yaani kujishonea vazi la mhusika umpendaye, ukalivaa na kumwigiza. Aliyezoea kwenda maonyesho ya kilimo ya Mkomani atalielewa upesi: vibanda vingi, majukwaa, familia nzima kwa pamoja, na jioni miguu inauma.

Mji unapata nini hata uhangaike hivyo?

Unapata wageni wanaolala, wanaokula na wanaopanda magari kwa siku nne mfululizo. Tazama San Diego, Marekani. Kongamano lao, Comic-Con, lilianza mwaka 1970, na tangu 1991 linafanyika katika ukumbi mkubwa wa mikutano ulio kando ya ghuba. Siku hizi hupokea watu zaidi ya 130,000 kila Julai, na tiketi huisha haraka mno. Mwaka 2010 miji ya Anaheim na Los Angeles ilijaribu kulichukua. San Diego haikulibakiza kwa maneno matamu. Hoteli zilikubali kutenga vyumba vingi zaidi kwa bei iliyopatanwa, ili shabiki wa kawaida asikute chumba kimepanda mara tatu.

Hilo la bei ya vyumba ndilo tungependa wenye hoteli wa Nyali, Bamburi na Shanzu walitafakari. Mgeni aliyekamuliwa mwaka wa kwanza harudi wa pili, na kongamano hukua kwa wanaorudi.

Lakini wenyeji hawachoki na fujo za watu wenye mabawa na vinyago?

Huchoka pale wanapoletewa jambo bila kuulizwa. Wakishirikishwa, mambo hubadilika. Mfano tunaoupenda kuliko yote ni Pittsburgh. Tangu 2006 mji huo umekuwa mwenyeji wa Anthrocon, kongamano la watu wanaopenda wahusika wanyama wanaosema na kutembea kama binadamu, na wengi wao huvaa mavazi mazima ya manyoya. Mahali pengine watu hawa walichekwa. Pittsburgh, mji uliojulikana kwa viwanda vya chuma, uliwafungulia milango. Mikahawa ya katikati ya mji huwatengenezea vyakula maalumu na kubandika alama za nyayo za wanyama madirishani. Gwaride lao, ambalo zamani lilipita ndani ya ukumbi, sasa hupita nje, na wazazi wa mji huleta watoto kuliona.

Na mapenzi hayo yamekuwa ya pande mbili. Mwenye mkahawa mmoja jirani na ukumbi, aliyewahudumia mashabiki kwa moyo mwaka baada ya mwaka, alipoingia katika shida ya pesa, mashabiki walimchangia. Sisi tunaona jambo hilo ni kubwa kuliko takwimu yoyote ya utalii.

Angoulême, Ufaransa, mji mdogo tu, umeenda mbali zaidi. Tamasha la katuni limekuwa pale tangu 1974, na mji umelipokea hadi kwenye kuta zake: majengo yana michoro mikubwa ya katuni, na vibao vya majina ya mitaa vimechongwa mfano wa kile kiputo kinachobeba maneno ya mhusika. Lakini hata mapenzi ya mji yana mpaka. Tamasha la Januari 2026 halikufanyika, baada ya wachoraji na waandishi wengi kususia kwa kutoridhika na uendeshaji wake. Ukuta unaweza kuchorwa ukapendeza, ila aliyeuchora asipoheshimiwa hakuna tamasha.

Ni mji gani ambao Mombasa ingefaa kujifunza kwake?

Wengi hutaja San Diego kwa sababu ndilo jina wanalolijua. Sisi tunasema Lucca, Italia.

Lucca ni mji wa zamani uliozungushiwa kuta nene za urefu wa kilomita nne hivi, zilizojengwa wakati wa vita vya mizinga, karibu na enzi ile ile Wareno walipokuwa wakijenga Ngome ya Yesu hapa kwetu, kati ya 1593 na 1596. Wakazi wake ni kama 90,000. Tamasha la katuni lilifika pale mwaka 1966. Baadaye likahamishiwa nje ya kuta, kwenye jumba la michezo, na likawa kama matamasha mengine. Mwaka 2006 walilirudisha ndani ya mji wa kale, na hapo ndipo likapaa. Mwaka 2022 ziliuzwa tiketi zaidi ya 300,000 kwa siku tano.

Jinsi linavyokwenda ndiyo hasa inayotuvutia. Hakuna jumba moja kubwa. Mahema husimamishwa viwanjani, makanisa ya zamani na makasri hugeuka kumbi za maonyesho, na wanaofanya kosplei hupanda juu ya kuta kupigwa picha chini ya miti. Tiketi ni ya kuingia kwenye mahema na kumbi. Kutembea mjini ni bure, kwa hiyo bibi anayekwenda kununua mkate hukutana na shujaa mwenye upanga na wote wawili wanaendelea na safari zao. Umati ulipozidi, waandaaji waliweka kikomo cha tiketi za kila siku.

Mombasa ina mambo hayo. Tuna Ngome ya Yesu, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011. Tuna bustani ya Mama Ngina iliyotengenezwa upya mwaka 2019, yenye nafasi na upepo wa bahari. Tuna barabara ya Moi, ambayo imezoea gwaride tangu siku za kanivali ya Mombasa. Mji wetu umezoea kuishi nje, barazani na ufuoni. Kuwafungia watu ukumbini siku nzima na taa za umeme ni kuwanyima kile walichokifuata Pwani.

Kwa hiyo mnataka kujaza watu Mji wa Kale? Sisi tunaoishi huku je?

La, mzee wetu, si hivyo. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, misikiti iko karibu karibu, na kuna wagonjwa na watoto wachanga ndani ya nyumba hizo. Pendekezo letu ni shughuli kubwa ziwe Mama Ngina na viwanja vya wazi, na Mji wa Kale upokee makundi madogo yanayoongozwa na vijana wa mtaa wenyewe, kwa malipo, saa za asubuhi tu. Muziki wa vipaza sauti usiingie kabisa. Na kabla ya bango la kwanza kubandikwa, waandaaji wakae na wazee wa mitaa, si kuwapelekea barua.

Hatuna ukumbi wa watu laki moja. Tufanyeje?

Atlanta hufanya Dragon Con bila kutegemea ukumbi mmoja. Lilianza 1987, na leo hoteli tano za katikati ya mji zinabeba kongamano, nyingine zikiwa zimeunganishwa kwa madaraja ya juu ya barabara. Jumamosi asubuhi mashabiki huteremka kufanya gwaride barabarani, na mji mzima hutoka kutazama. Hoteli zetu za pwani ya kaskazini zina kumbi za mikutano zinazoweza kugawana kazi namna hiyo, na uwanja wa maonyesho wa Mkomani hauko mbali.

Afrika kuna makongamano haya?

Yapo, na hatuna haja ya kujiona wa mwisho. Lagos Comic Con ilianza 2012. Comic Con Africa ya Johannesburg ilianza 2018, na kwa miaka kadhaa ilifanyika Septemba, mwezi wa Siku ya Urithi ya Afrika Kusini. Nairobi wana NAICCON, na mashabiki wa Mombasa wamekuwa wakipanda treni kwenda huko na mavazi yao mabegani. Tungependa siku moja treni ijae upande huu.

Mimi ni mzazi Mwislamu. Mambo haya yanafaa kwa binti yangu?

Swali hili tunaulizwa kuliko mengine yote, na tunalijibu kwa heshima, kwa sababu wengi wetu ni Waislamu na tuna mabinti na wadogo zetu humo humo.

Kwanza, miji ya Kiislamu imeshafanya. Jeddah, Saudi Arabia, ilifanya kongamano lake Februari 2017, watu wakapanga foleni ndefu. Dubai ilianza la kwake 2012, na mwaka 2022 likahamia Abu Dhabi. Malaysia na Indonesia wasichana wengi hufanya kosplei wakiwa na hijabu, wakiikunja na kuitia rangi mpaka ikawa nywele za mhusika. Ni ufundi wa hali ya juu, na hakuna anayewahesabu pungufu.

Pili, kuna kanuni ambazo miji mingine imezijaribu na sisi tunazishika. Tokyo, kwenye Comiket, kongamano lao kubwa la wachoraji wa katuni, hairuhusiwi kuja wala kuondoka ukiwa umevaa vazi la mhusika. Unabadilishia nguo ndani, kwenye vyumba vilivyotengwa vya wanawake na wanaume. Kwa Mombasa hii ni kanuni bora, inamlinda binti kwenye matatu na inawapumzisha majirani. New York, tangu 2014, huweka mabango makubwa mlangoni yanayosema kwamba kuvaa vazi la mhusika si ruhusa ya kuguswa. Kupiga picha lazima uombe kwanza. Anayekiuka hutolewa, hata kama amelipa.

Tatu, ratiba ifuate adhana. Hakuna mashindano yanayopangwa wakati wa swala, na Ijumaa mchana ibaki wazi. Ukitaka kuja kukaa naye siku nzima, mama, karibu. Wazazi wengi huja kwenye mikutano yetu ya Jumamosi kwa shaka saa nne na saa kumi wanauliza lini tena.

Naweza kubeba upanga au bunduki ya kuchezea?

Upanga wa sponji au karatasi ngumu, ndiyo, baada ya kukaguliwa mlangoni. Bunduki ya bandia inayofanana na ya kweli, hapana. Mwaka 2017 huko Phoenix, Marekani, mtu mmoja aliingia kwenye kongamano na bunduki za kweli huku umati ukidhani ni mapambo. Akakamatwa, na waandaaji wakapiga marufuku silaha za bandia. Hapa kwetu ongeza jambo jingine: usivae jungle. Kuvaa sare ya jeshi au polisi, au nguo inayofanana nayo, ni kosa kisheria Kenya, na askari wa doria hatakuuliza mhusika wako ametoka filamu gani.

Mimi nauza viazi karai na mabuyu. Kongamano linanihusu nini?

Linakuhusu kuliko unavyodhani, mama. Mahali pengi wenye kongamano hufunga mkataba na kampuni moja ya chakula, kisha mchuuzi wa mtaani anafukuzwa na askari wa kaunti nje ya lango. Huo ndio mtindo tunaoupinga waziwazi.

Indianapolis, mji unaopokea Gen Con, kongamano la gemu za mezani, tangu 2003, mikahawa hubadilisha majina ya vyakula vyao wiki hiyo ili wachezaji wajione wako nyumbani, na magari ya chakula hupanga mstari nje ya ukumbi hadi usiku. Tunataka hivyo hivyo: eneo la wachuuzi litengwe ndani ya ramani tangu mwanzo, kibali cha muda cha kaunti kilipiwe kwa pamoja kupitia waandaaji, na nafasi za kwanza ziwe za wauzaji wa mtaa ule ule. Mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai, kachiri na achari mchana, mishkaki na mkate wa kusukuma jioni, madafu saa zote. Mgeni wa Nairobi hatakumbuka soda aliyoinywa ukumbini.

Riziki haiishii kwenye chakula. Kosplei ni kazi ya cherehani. Mafundi wetu wanaojua kutia kanzu tarizi na kukata buibui wanaweza kushona vazi la shujaa yeyote wakipewa picha na wiki chache. Na pale barabara ya Biashara, kwa nini kongamano lisitoe leso yake kila mwaka, na jina lake lililochaguliwa na mashabiki? Makongamano mengine huuza fulana. Leso ni ya kwetu, na mtu ataitunza sandukuni miaka ishirini.

Nitavaa kama nani? Wahusika wote ni wa Japani na Marekani.

Vaa wa Japani ukipenda, hakuna ubaya. Ila usisahau Fumo Liyongo na upinde wake, aliyetoroka kifungoni kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate alioupika mama yake, akiwa amewashughulisha walinzi kwa gungu na ngoma. Hakuna shujaa wa filamu aliyetoroka kwa ustadi zaidi. Au Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka 1913, akahamishwa mbali magharibi ya Kenya, akatoroka na kurudi kwao. Hando na shanga zake ni vazi lililokamilika. Kwa mashindano yetu tunapendekeza zawadi ya pekee kwa wahusika wa Pwani, na tunawaomba wachoraji wawachore, maana kijana huvaa kile alichokiona kimechorwa vizuri.

Makongamano huwa yanaharibika?

Huharibika, na karibu kila mara ni kwa kuahidi kupita uwezo. DashCon, karibu na Chicago mwaka 2014, usiku wa kwanza tu waandaaji waliwaomba wahudhuriaji dola 17,000 wakisema hoteli inadai. TanaCon, Anaheim mwaka 2018, watu wengi mno walikuja wakasimama juani saa nyingi, na likafungwa siku ya kwanza. Jua la Mombasa lifikirieni. Maji, kivuli na idadi ya tiketi iliyopimwa ni mambo ya kwanza, kabla ya mgeni yeyote maarufu.

Wakati gani wa mwaka unafaa?

Si Aprili wala Mei. Sherehe kubwa ya kwanza ya mashabiki wa filamu za Star Wars ilifanyika Denver mwaka 1999, ndani ya mahema, mvua ikanyesha na watu wakakanyaga matope siku zote. Masika yetu ni makali kuliko hayo. Epukeni Ramadhani pia, na kumbukeni kwamba inarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka.

Tukianza na watu wa hapa hapa, Agosti ni bora: shule zimefungwa, kusi inapoza hewa. Tukitaka wageni wengi, Juni ina maana zaidi, mvua zikipungua na hoteli zikiwa bado na vyumba vitupu na bei zinazozungumzika.

Wageni na watu wa ng'ambo ya Likoni watafikaje?

Treni ya Madaraka inaishia Miritini, nje ya kisiwa, kwa hiyo matatu za pamoja kutoka stesheni zipangwe mapema na nauli itangazwe, bila kumwachia mgeni mwenye begi la vinyago apatane usiku. Anayevuka Likoni kwa miguu hupanda feri bure, lakini msongamano wa jioni unajulikana. San Diego huongeza safari za treni yao ya mjini wiki ya kongamano, nayo hupita mbele ya ukumbi. Sisi angalau tumalize programu kabla ya saa kumi na moja, watu wa Likoni na Ukunda wavuke mapema.

Vibali gani vinahitajika?

Mpeni taarifa ya maandishi mkuu wa kituo cha polisi cha eneo lenu. Sheria ya mikutano ya hadhara inataka taarifa itolewe kati ya siku 3 na siku 14 kabla. Kaunti ndiyo inayotoa ruhusa ya viwanja vyake na vibali vya biashara. Filamu yoyote ya kuonyeshwa hadharani lazima iwe imepitishwa na bodi ya filamu. Muziki una leseni yake. Ngome ya Yesu iko chini ya Makumbusho ya Taifa, na pale huombi wiki moja kabla.

Tuanze na watu wangapi?

Wachache. San Diego walianza Machi 1970 kwa mkutano mdogo wa siku moja ili kupata pesa na kupima upepo, na Agosti ile wakafanya wa siku tatu, watu 300 hivi, hotelini. Comiket ya Tokyo ilianza Desemba 1975 na vikundi 32 vya wachoraji na watu 700 hivi. Kufikia 2019 lilikuwa likipokea zaidi ya watu 700,000 kwa siku nne, na mpaka leo linaendeshwa na wanaojitolea.

Kwa Mombasa tungeanza na Jumamosi moja, ukumbi mmoja wa mtaa wenye uwanja, meza ishirini za wachoraji, fundi cherehani wawili wa kurekebisha mavazi yaliyokatika, mama watatu wa chakula, na chumba cha kuswalia. Mwenye ukumbi, mwenye meza au mwenye cherehani ajitokeze kwenye mkutano wetu wowote wa Jumamosi.